Vyungu vyangu vya karatasi vinapasuka, vinaota ukungu, na miche inageuka njano

Swali: Shikamoo mama. Mimi nipo Kinyerezi, nina kitalu kidogo uani cha nyanya, matango na mipapai, na miche nauzia getini. Nimechoka na viriba vyeusi vya plastiki, kila msimu vinazagaa mpaka kwenye mtaro. Nimejaribu vyungu vya karatasi. Naloweka magazeti, nasaga kwa blenda, natia uji wa ngano ili vishike, kisha nakandamiza katikati ya glasi mbili za plastiki zinazolingana. Ya nje nimeitoboa matundu. Vingi vinapasuka ubavuni nikivitoa, ingawa kitako kinakuwa kinene kama andazi. Nilivyoviweka stoo wakati wa masika viliota ukungu na mende wakavitafuna. Vile vilivyofika mwisho, nyanya zilikuwa njano wiki ya pili, na wateja wawili wamenirudia wakisema miche ilidumaa baada ya kupandwa pamoja na chungu chake. Nakosea wapi? Na je, kazi hii inafaa, au nirudi tu kwenye viriba?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo linaloamua mengine. Kazi hii inafaa, na inakufaa hasa wewe mwenye miche ya muda mfupi na wateja wa karibu. Ila haifai kwa kila mche, na hapo ndipo wengi wanapoteleza. Chungu cha karatasi kazi yake ni kuoza kwa wakati wake. Kikiwahi, mche unakumwagikia mkononi. Kikichelewa, mizizi inabaki kifungoni. Makosa karibu yote uliyoniandikia, uji wa ngano, kitako kinene, kutunza stoo, yanatokana na kutaka karatasi iwe ngumu na ya kudumu kama plastiki. Kwa hiyo kabla hujagusa kalibu, yaani zile glasi zako za kufyatulia, hesabu siku.

Matango, matikiti na maboga hukaa kitaluni wiki 2 hadi 3. Nyanya wiki 3 hadi 4. Bilinganya na pilipili hoho hufika wiki 5 au 6, mipapai wiki 6 hadi 8. Kwa joto letu la Dar na kumwagilia kila siku, chungu changu chenye ubavu wa milimita 3 kikiwa kikavu hunivumilia kama wiki 6 kabla hakijalegea kabisa. Maana yake nyanya zinatosha ndani na muda unabaki, mpapai uko ukingoni na utahitaji chungu kipana na kinene kidogo, na mwembe au mparachichi unaokaa miezi kitaluni usiutie humo hata kidogo. Hiyo iache kwenye viriba, ukivichana kwa uangalifu na kuvikusanya. Katazo la serikali yetu lililoanza tarehe 1 Juni 2019 lilihusu mifuko ya plastiki ya kubebea. Vifungashio vya kilimo viliachwa nje yake, kwa hiyo hakuna atakayekufuata kwa viriba vyako. Unafanya hivi kwa sababu umeuona mtaro, na maji ya huko kwenu yanateremka bonde la Msimbazi hadi Jangwani, hadi daraja la Salenda, hadi baharini. Sababu hiyo inatosha kabisa.

Na matango usiyapotezee muda wa kufinyanga. Chukua kurasa mbili za gazeti, zizungushie chupa ya maji ya nusu lita, kunja kitako kwa ndani, chomoa chupa, jaza udongo. Basi. Kwa siku 20 hicho kinatosha, mradi vyungu vimepangwa vikiwa vimebanana kwenye kreti visianguke. Jamii yote ya matango haipendi mizizi yake kuguswa, ndiyo maana hata chungu dhaifu namna hiyo kinaisaidia kuliko kung'oa kwa mkono. Mchicha usiuatike kabisa, sia moja kwa moja kwenye tuta.

Sasa rojo lenyewe la karatasi. Magazeti matupu hayatoshi. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa tu. Nyuzi zake ni fupi na lignini, ile inayogandisha nyuzi za mti, imebaki ndani, ndiyo maana gazeti likiachwa juani linageuka njano. Boksi la kahawia asili yake ni mbao zilizopikwa kwa dawa mpaka lignini nyingi ikatoka, na nyuzi zake ni ndefu. Hizo ndefu ndizo zinazobeba chungu. Gazeti linajaza mianya na kufanya ubavu uwe laini. Trei za mayai nazo nzuri kwa kujazia, zinalainika upesi, lakini ni karatasi iliyokwisha kurudiwa, na kila mara karatasi inapotengenezwa upya nyuzi zake zinafupika. Ukitumia trei peke yake utapata chungu kinachobomoka kama biskuti.

Kipimo changu ni hiki: kwa kilo 1 ya karatasi kavu, gramu 600 hivi ziwe boksi, 300 gazeti, halafu gramu 100 za nyuzi za makumbi ya nazi zilizokatwa urefu wa sentimita 1 au 2. Hilo la makumbi ndilo linalowashangaza watu, na ndilo bora kwetu sisi wa pwani. Nyuzi za makumbi zina lignini nyingi, zinachelewa kuoza, na zinakishikilia chungu kama nondo ndani ya zege hata karatasi inapoanza kulegea. Chukua makumbi ya nazi iliyokomaa. Ya madafu ni mabichi, yanakuja na maji mengi. Yaloweke kwanza usiku mmoja, umwage yale maji ya kahawia, maana makumbi hubeba chumvi. Kilo hiyo moja hunipa vyungu 50 hadi 60 vya nyanya.

Kuna karatasi za kuziacha kabisa. Kalenda na majarida yanayong'aa, vikombe vya chai ya kubeba na maboksi ya juisi na maziwa yenye utando wa plastiki ndani, risiti za mashine ambazo zimepakwa kemikali, na mifuko ya saruji. Hii ya mwisho inavutia kwa sababu karatasi yake ni ngumu kweli. Mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza niliitumia kwa mipapai, nikailoweka na kuiponda vizuri, vyungu vikatoka vya kupendeza. Majani machanga ya juu yakawa njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Vumbi la saruji lililobaki kwenye karatasi lilikuwa limeufanya udongo uwe wa chokaa, na mche ukashindwa kufyonza madini ya chuma. Nilipoteza kitalu chote. Kumbuka dalili hiyo, nitaihitaji tena chini.

Loweka saa 24, zisizidi 48. Kwa joto la hapa siku ya tatu ndoo inaanza kunuka na nyuzi zimeshaanza kuliwa na bakteria. Toa pini na gundi ya nailoni ya maboksi wakati karatasi imelainika, inachanika yenyewe. Kisha weka blenda pembeni. Visu vya blenda vinazikata nyuzi, yaani unaharibu kile kile ulichokitafuta kwenye boksi. Tumia kinu na mchi. Mchi unaziponda nyuzi zikachanua ncha zake bila kukatika, na ncha hizo ndizo zinazokumbatiana chungu kikikauka. Kiwe kinu chakavu kisichorudi tena kwenye chakula, kwa sababu ya wino na gundi. Ponda mpaka ionekane kama kisamvu kilichopondwa vizuri. Kuhakikisha, chota rojo kidogo, tia ndani ya glasi ya maji, tikisa. Ukiona wingu linaelea, tayari. Ukiona vipande ambavyo bado unaweza kusoma herufi zake, rudi kwenye kinu.

Uji wa ngano uache. Najua umefundishwa kwamba bila uji havishiki, lakini kinachoshikanisha karatasi si gundi. Nyuzi za selulosi, ndizo nyuzi za mmea zinazounda karatasi, zikiwa zimekaribiana, maji yanapotoka katikati yake zinavutana na kushikana zenyewe. Ndivyo karatasi inavyotengenezwa tangu zamani. Kinachohitajika ni kukandamiza vizuri na kukausha vizuri. Uji ule ndio chakula kilichowaita mende na kuvu stoo kwako. Wapo wanaoshauri kupaka vanishi, au kutia boraksi kuzuia ukungu. Usikubali. Vanishi inazuia mizizi kupenya, na boraksi ina boroni, ambayo ikizidi kidogo tu ni sumu kwa miche.

Tuje kwenye kalibu, kwa maana kupasuka kwako kunatoka hapo. Glasi mbili zinazolingana zikiingiana zinagusana pande zote. Wewe unapata nafasi ya rojo kwa kuiacha ya ndani ikae juu kidogo. Sasa angalia: ikiwa juu kwa sentimita 2, kitako kinapata unene wa sentimita 2 nzima, lakini ubavu, kwa sababu glasi imesimama karibu wima, unapata milimita 1 au 2 tu. Andazi chini, karatasi ya sigara juu. Halafu kitako kinene kinachelewa kukauka, ubavu umeshakauka na kusinyaa, mvutano unaupasua palepale vinapokutana.

Huhitaji kununua kitu kipya isipokuwa glasi moja ndogo zaidi. Iliyo nje ikiwa na mdomo wa sentimita 9, ya ndani iwe na 8, ili kila upande ubaki na milimita 5. Zote ziwe nyembamba chini na pana juu. Umbo hilo ndilo linalofanya ubavu ukandamizwe unaposukuma kwenda chini, na ndilo linalokuruhusu kuchomoa. Bomba la PVC watu wanalipenda kwa ugumu wake, lakini ubavu wake uko wima, ukikandamiza unabana kitako tu.

Glasi ya ndani ijaze zege la saruji na mchanga, usimamishe boliti ndefu katikati kuwa mkono. Ikishika, funga kijiti cha mbao kwenye boliti kikiwa kimelala, kwa kipimo kwamba glasi ikishuka, kijiti kinakaa juu ya mdomo wa ile ya nje na kitako kinabaki na milimita 6 za rojo. Kijiti hicho kidogo ndicho kitakachofanya vyungu 50 vilingane bila kukisia kwa jicho. Glasi ya nje ipasue kwa kisu cha moto kutoka mdomoni mpaka katikati ya kitako, pande mbili, iwe vipande viwili, kisha vifunge pamoja kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Matundu yachome kwa msumari wa moto, umbali wa kidole kimoja kati ya tundu na tundu, na usisahau kitako. Ukizidiwa na oda, mpelekee fundi seremala vipimo hivyo akuchongee ya mbao ngumu. Ila anza na glasi, ujue kwanza unataka nini.

Ndani ya kalibu tandika kipande cha wavu wa dirisha. Maji yanapita, rojo halishiki. Usitumie chandarua cha kulalia, kina dawa ya wadudu na huna sababu ya kuikamulia kwenye maji yako.

Kufyatua kwenyewe ni kazi ya dakika mbili. Chota rojo, likamue kwa mkono mpaka liwe kama ugali laini, bandika kitakoni na mbavuni kwa vidole hadi ukingoni, ingiza ile ya zege, kandamiza kwa uzito wa mwili wako huku ukihesabu hadi 30. Maji yatamiminika, weka beseni chini, maji hayo yanarudi kuloweka kundi linalofuata. Fungua mpira wa tyubu, vuta vipande viwili, zungusha kidogo chungu kikiwa juu ya zege, kitateleza. Kabla hujakiweka juani toboa kitakoni tundu la ukubwa wa kidole kidogo.

Kausha juu ya chekeche au wavu ulioinuliwa, hewa ipite chini, mdomo ukitazama chini. Geuza jioni. Kiangazi siku 2 au 3 zinatosha. Masika usijaribu. Hewa ya mwezi wa nne hapa mjini ina unyevu mwingi mno kwa ubavu wa milimita 5 kukauka kabla kuvu hawajaingia. Fyatua Januari na Februari kwa ajili ya miche ya masika, na Juni hadi Septemba kwa ajili ya vuli, na ufyatue vile utakavyovitumia ndani ya mwezi mmoja au miwili. Hiki si kitu cha kurundika. Vinavyosubiri vipange vikiwa vikavu kabisa, kwenye ndoo yenye mfuniko au gunia lililoning'inizwa. Kujua kama kimekauka, kigonge kwa kifundo cha kidole. Kikikujibu kama boksi tupu, sawa. Kikiitika kwa sauti ya kufa, bado kina maji katikati.

Ukungu mweupe unaoweza kuuona nje ya chungu kikiwa tayari na mche usikutishe sana. Kuvu huyo anakula karatasi, hana shida na nyanya yako. Anakuambia tu kwamba unamwagilia mno au umebananisha vyungu bila hewa. Wa kuogopa ni kinyausi, pale shina linapokuwa jembamba na jeusi usawa wa udongo na mche unalala. Huyo naye anapenda maji mengi. Mwagilia asubuhi, acha uso wa udongo ukauke kidogo kabla ya kurudia.

Njano ya wiki ya pili ndiyo iliyonifanya nikujibu kwa urefu huu, kwa sababu wengi wakifika hapo wanaamini wino wa magazeti umeua miche, wanaacha. Wino mweusi wa gazeti kimsingi ni masizi na mafuta, na hautoshi kufanya hivyo. Nilitaka kukuuliza njano ilianzia majani gani, lakini muda uliotaja unaniambia: nina hakika ilianzia yale ya chini, ya zamani, ikapanda. Ile ya mipapai yangu na saruji ilianzia juu. Ya chini ni njaa ya naitrojeni.

Karatasi ina kaboni tele na naitrojeni kidogo mno. Ina mamia ya sehemu za kaboni kwa kila sehemu 1 ya naitrojeni, wakati samadi ya kuku ina karibu sehemu 10 tu. Mara unapolowanisha chungu, bakteria na kuvu wanaanza kukila, na wao wanahitaji naitrojeni kujenga miili yao. Kwenye karatasi hawaipati, kwa hiyo wanaichota kwenye udongo, pale pale mzizi wa nyanya unapoitafuta. Wao ni wengi na wako karibu, mche ni mmoja na mchanga, hauwezi kushindana nao. Naitrojeni haijapotea, siku viumbe hao wakifa itarudi udongoni, lakini mche wa wiki mbili hauna muda wa kusubiri. Na wewe uliongeza uji, ambao bakteria wanaula kwa haraka kuliko karatasi, ukawaongezea nguvu. Kitako cha andazi nacho kiliongeza karatasi ya kuliwa.

Dawa yake ni kuwalisha wote wawili, bakteria na mche. Udongo wa kujazia uwe sehemu 2 za udongo wa juu, sehemu 1 ya mboji au samadi iliyoiva kweli, na sehemu 1 ya vumbi la makumbi lililooshwa. Mchanga wetu wa Dar peke yake haushiki chakula wala maji. Siku moja kabla ya kusia mbegu, vyungu vitupu vichovye kwenye maji ya samadi: kilo 1 ya samadi ya kuku iliyokauka katika lita 10 za maji kwa siku 3, ichujwe, kisha izimuliwe kwa maji mara tatu yake. Hapo bakteria wanakuta mlo wao ukutani na hawana haja ya kuingia ndani. Baada ya hapo, jani halisi la kwanza, lile linalofuata yale mawili ya mbegu, likitokeza, mwagilia maji hayo hayo yaliyozimuliwa mara moja kwa wiki, chini ya majani. Kama huna samadi, urea inafanya kazi: kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa katika ndoo ya lita 10, mara moja kwa wiki, isizidi. Urea ina naitrojeni asilimia 46, na nimeona miche mingi imeungua kwa kuzidishiwa kuliko iliyokufa kwa njaa. Usiitie ndani ya rojo. Utakuwa unaharakisha kuoza kwa chungu.

Kuhusu wateja wako wawili, naweza kukuambia walichokifanya bila kufika kwao. Walipanda chungu na kuacha ukingo wake umechomoza juu ya udongo, kwa kuwa unapendeza hivyo. Ukingo ulio hewani unafanya kazi kama utambi wa kibatari. Jua na upepo vinakausha juu, karatasi inavuta maji kutoka chini, saa zote za mchana. Ubavu ukishakauka unakuwa mgumu kama boksi tena, na mizizi iliyokuwa tayari kupenya inarudi ndani. Mche unadumaa katikati ya shamba lililomwagiliwa. Chungu chote lazima kizame, na kama ukingo umezidi, uchanwe hadi usawa wa udongo. Kilowe vizuri kabla ya kuzikwa. Kwenye kiangazi chana pia kitako, mzizi mkuu uwe na njia tangu siku ya kwanza. Kwa mipapai hilo ni la lazima, msimu wowote.

Muda nao ulichangia, nahisi. Nyanya iondoke ikiwa na majani halisi 4 au 5, urefu wa kiganja hivi. Ukiona vincha vyeupe vya mizizi vimeanza kuchungulia ubavuni, ndiyo siku yake. Hilo ndilo jambo ninalolipenda kuliko yote katika vyungu hivi: ndani ya kiriba mzizi ukigonga plastiki unajizungusha mpaka unakuwa donge, lakini hapa unapenya, ncha inakutana na hewa, inanyauka, na nyuma yake inatoa matawi mapya. Ukiupanda wakati huo unakwenda moja kwa moja.

Mambo mawili ya hapa kwetu kabla sijakuacha. Kama unamwagilia kwa maji ya kisima, yaonje. Visima vingi vya mjini vina chumvi, hasa vya karibu na bahari, na chungu cha karatasi kinapumua pande zote, maji yanaondoka na chumvi inabaki. Utaona unga mweupe ukutani mwa chungu na ncha za majani zikiungua. Kingia maji ya mvua au tumia ya bomba kwa miche, ya kisima yabaki kwa miti mikubwa. La pili ni mchwa. Wao chakula chao ni selulosi iliyokufa, na wewe unawawekea mezani. Kitaluni weka vyungu juu ya meza yenye miguu uliyoipaka grisi, wasiguse ardhi. Shambani, kama mteja ana kichuguu karibu au ameshawahi kulalamika kuliwa nguzo za uzio, mwambie achane karatasi yote wakati wa kupanda, akiwa ameshika donge la udongo kwa mkono mwingine. Majivu na majani ya mwarobaini yanapunguza kwa siku chache, ila sijawahi kuyategemea kumlinda mche wa mtu aliyenilipa.

Siku ya kuuza, mwagilia jioni ya kuamkia, usimwagilie asubuhi. Chungu kilichotoka kulowa kikipakiwa bodaboda kinapasuka njiani, lakini kilicholowa tangu jana kina unyevu wa kutosha mche na ugumu wa kutosha safari. Pakia kwenye boksi vikiwa vimebanana. Na kabla mteja hajaondoka getini, chukua chungu kimoja mbele yake, chana ukingo, chana kitako, mwonyeshe kina cha shimo kwa kidole chako.

Karatasi usizitafute mbali: stesheneri na shule za jirani zina karatasi za kutupa kila mwisho wa muhula, na maboksi ya maduka ya kwenu yakusanye kabla ya jioni, maana wanunuzi wa maboksi hupita mapema. Tengeneza kwanza 10 kwa kalibu mpya, sia nyanya kwenye 5 kati ya hivyo na kwenye viriba 5, udongo uleule, maji yaleyale. Wiki ya pili niandikie majani ya chini yana rangi gani.